Waliolazwa Kifudifudi

Nilikuwa nimekwisha kushusha mawe ya juu na kuyapanga kwenye majani, nikapiga goti kuchota kifusi kutoka tumboni mwa ukuta. Hapo mkono wangu ukagusa jiwe lililochongwa. Mkono wa mjenzi hutambua kabla ya jicho. Nikaligeuza. Lilikuwa na ukubwa wa mkate, uso wake bapa, na juu ya uso huo mtu asiye fundi alikuwa amekwaruza herufi mbili na mwaka.

Nikaliweka kando, nikachota tena. La pili lilikuwa na herufi tatu. La tatu nililisoma nikiwa nimekaa chini.

Ukuta huo unazunguka makaburi ya mji wa Skelbeck, kilimani. Ni ukuta wa mawe matupu, bila saruji, kama kuta zote za kwetu, na theluji ya mwaka ule ilikuwa imebomoa kipande chake. Halmashauri iliniita nikitengeneze. Upande wa ndani, karibu kabisa na hapo, kuna uwanja wa majani yaliyokatwa vizuri na kibao cha shaba. Kibao kinasema kwamba hapa wamelazwa upya watu waliohamishwa kutoka makaburi ya zamani ya hospitali. Kinamtaja meya aliyekizindua, kinamtaja na mchungaji aliyeomba. Kati ya wafu wenyewe hakimtaji hata mmoja.

Hospitali ni neno la adabu. Kabla ya kuwa hospitali ilikuwa nyumba ya maskini. Mtu aliyeishiwa aliingia humo na wanawe, mume akatengwa na mkewe, na wanaume wakavunja mawe ili wapate uji. Kwetu hakuna aliyeitaja kwa jina. Watu walisema tu "Kule Chini." Baba yangu alilelewa Kule Chini, na alikufa bila kunifungulia mdomo. Aliyeniambia ni dada yake, Shangazi Enid, alipokuwa amezeeka kiasi cha kutobakiwa na mtu wa kumwonea haya.

Mama yao, bibi yangu Martha Raistrick, alifia humo Enid akiwa na miaka sita. Kati ya wavunja mawe alikuwako mzee mmoja ambaye kila alipokufa mtu alificha jiwe zuri na kulikwaruza usiku kwa ncha ya patasi. Hakuna aliyemtuma. Jiwe la Martha alilitia M na R, na kati ya herufi hizo akatoboa nukta ya kina kirefu. Kila Jumapili Enid alikwenda kutia kidole chake humo.

"Kilikuwa kinaenea sawasawa," aliniambia. "Kama subana ya kushonea."

Haja yake ilikuwa moja: kabla hajafa, alione jiwe lile limesimama juu ya mama yake.

Tulilitafuta kwa miaka. Tuliandika barua, tukapanda ngazi za ofisi, tukanyweshwa chai. Tukaambiwa kwa upole kwamba hospitali ilipotaka nafasi ya jengo jipya, wafu walihamishwa wote kwa heshima, na vijiwe vyao vilikuwa vimekwisha kuharibika. Tuliamini, na kila Jumapili shangazi akawa anapanda kilimani kukaa karibu na kile kibao. Mimi si mwepesi wa kulaumu. Kazi niliyojifunza mwenyewe, kwa kubomoa makosa yangu, imenizoeza kutazama jambo pande zote kabla ya kuweka neno.

Siku ile nilimfuata shangazi nyumbani. Alikuja na kofia yake ya kanisani, akaketi juu ya ndoo niliyoipindua, akautazama ukuta.

"Nimekula mikate yangu ya jibini hapa Jumapili zote hizo," alisema, "nimeuegemea."

Nikawa natoa jiwe, nalisugua kwa brashi, nampa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, kwa hiyo alijaribu kila jiwe kwa kidole kidogo, akatikisa kichwa, akanirudishia. Kazi ikaenda hivyo mpaka alipofika Bwana Pickersgill wa halmashauri, na viatu vyake vinavyong'aa. Hakuwa mtu mbaya. Alisikitika, nikaona kwamba anasikitika kweli. Kisha akasema nirudishe mawe yote ndani na ukuta ufungwe kufikia Ijumaa, ama sivyo kondoo wa jirani, Haygarth, wataingia makaburini.

"Mifupa iko palepale uwanjani, Bi Raistrick," alimwambia shangazi. "Haya ni mawe tu."

"Mama yako kazikwa wapi, mwanangu?"

"Kanisani, Thornley."

"Ana jiwe?"

Bwana Pickersgill akasema waliojenga ukuta huu wakati wa kuhamisha wafu hawakujua. Walichukua tu mawe yaliyoletwa na kurundikwa karibu.

Hapo ndipo nilipoweka neno. Sikupandisha sauti. Nilimwambia kwamba jiwe lenye uso bapa ni dhahabu kwa mjenzi. Utalihangaikia mlima mzima, na ukilipata utalipeleka mbele lionekane. Hakuna anayelitupa tumboni pamoja na kokoto. Haya yalikuwa yametupwa humo yote, tena kifudifudi, maandishi chini, moja baada ya jingine. Mkono mmoja unaweza kukosea mara moja, si mara zote hizo.

"Walijua," nilisema. "Na aliyewatuma alijua. Mimi sirudishi hata moja."

Haygarth mwenyewe alikuwa ameegemea lango lake, anasikia kila kitu, kama kawaida yake.

"Kondoo nitawashusha bondeni," alisema. "Hata wakiingia, bwana, wao wana adabu kuliko ofisi yako."

Bwana Pickersgill aliondoka. Tuliendelea mpaka jua likashuka nyuma ya kilima, na jiwe la Martha lilikuwa bado halijatoka. Wengine walikuwa wametoka. Tuliwapanga juu ya majani, safu kwa safu, mbele ya kibao cha meya.

"Kesho anzia pale chini," alisema shangazi. "Kwenye msingi."

Nilikuwa sijawahi kuacha ukuta wazi usiku. Kwetu ni aibu. Nilikuwa nafunika zana kwa turubai aliponiita. Jiwe la mwisho nilikuwa nimelitua ovyo, kwa uchovu.

"Huyo umemlaza kifudifudi," alisema. "Amelala hivyo vya kutosha."

Nikarudi, nikamgeuza. Kisha nikamshika shangazi mkono, tukatoka kwa kupitia penye pengo.