Silikoni ya Mzee Honi

Mzee Honi aliendesha mabasi ya watu maisha yake yote. Alipostaafu akanunua la kwake, kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akaingiza kitanda na jiko, akamwambia mkewe waende wakaitembee dunia. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haya. Siku mvua ikinyesha nitakuja kujilaza humo. Nikiinuka mkavu, twende. Tone moja tu likiniangukia humo, utaenda peke yako."

Peke yake! Mzee Honi hakuwahi kuogopa mteremko wala askari wa barabarani, lakini hilo lilimnyima raha kabisa. Bila yule mwanamke wa kumkosoa njia nzima, ingekuwa safari gani hiyo?

Basi akapanda juu ya paa. Akakwangua gundi ya zamani kwenye maungio ya mabati, akafuta kwa spiriti, akasubiri pakauke, ndipo akapaka silikoni na kuilaza kwa kidole. Hapo tumpe haki yake, alifanya kazi. Tatizo la mtu wa sifa ni kwamba hajui pa kuishia, jamani. Alipomaliza paa akashukia madirisha, na kila kitundu alichokiona akakiziba.

"Hata sisimizi hapiti!" akajigamba.

Mvua ikaja alasiri, mvua ya kweli. Mkewe akafika na mwavuli, mto kwapani, akajilaza. Mzee Honi akasimama katikati ya basi, macho darini, roho juu. Paa kavu. Maungio makavu. Ndiyo kwanza anaanza kutabasamu, akasikia maji yanachuruzika kando ya kitanda. Yalikuwa yakifurika kwenye reli ya dirisha, pale kioo kinapoteleza, na kushuka ukutani, yakilifuata godoro.

"Lahaula! Mbona nimeziba kila mahali?"

"Kila mahali?" Mkewe akainuka, akachungulia. Reli ilikuwa imejaa kama karai. "Na vile vitundu vya chini, vya kutolea maji nje?"

Mzee Honi akainama kuvitazama. "Kumbe vina kazi?"

"Ewe mwanaume!" Akachomoa kibanio nyweleni, akafungua mlango, akatoka.

"Utalowa! Chukua mwavuli!"

Wapi! Akawa anatoboa silikoni ya dirisha moja baada ya jingine, huku anabwata peke yake, na kila alipotoboa maji yalifyatuka nje na reli ikabaki tupu. Alirudi ndani amelowa chapachapa, nywele zimemganda usoni.

Mzee Honi akaketi ngazini, amenywea. Alitamani kulia.

"Basi tena," akasema. "Umelowa."

"Nimelowa." Akajikamua gauni pale pale sakafuni. "Lakini mimi nilisema likiniangukia humu ndani. Haya nimeyafuata mwenyewe huko nje."

Akavuta taulo, akakaa kiti cha mbele, kando ya dereva.

"Washa gari, kabla sijapata akili. Na hapo kwenye kona usikate kama ulivyozoea."