Zima Tu, Itapita

Kitu cha kwanza kilichomchefua Keren, fundi wa kompyuta, asubuhi ile ni klavié. Herufi A ilikuwa inanata kama imepakwa asali, ila haikuwa asali, ilikuwa mawese. N ilikuwa imegoma kabisa. Akaigeuza ile mashini juu chini, akaipiga mgongoni kama mutoto aliyepaliwa, na hapo mezani kikadondoka kichwa cha ndagala. Kichwa kizima! Na macho yake, kinamwangalia.

"Nani anakulia huku?"

"Mimi," akajibu Aristide, mdomo umejaa. "Iko na shida gani? Samaki ni dawa, na hapa ni kwa dawa."

Akacheka peke yake. Aristide ni fundi wa simu wa pale parking, yule mwenye kibao kilichoandikwa *Docteur Machine*. Alikuwa amekalia kiti cha infirmier, cha muuguzi, kama cha baba yake, mkono mmoja umeshika karatasi ya ndagala za kukaanga, mkono mwingine vidole vyote vitano vinang'aa mafuta. Na vidole vilevile akavinyoosha kugusa ekran.

"Usiguse!" Keren akasema.

Papa Melkiades, infirmier mkubwa wa ile dispanseri ya nyuma ya soko la samaki, alikuwa mlangoni anafuta miwani yake. Mzee huyu aliishi Tanzania miaka karibu arobaini kabla ya kurudi, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka watu wa sokoni wanamuita Bwana Redio.

"Binti yangu," akasema, "nimekuita kwa sababu huyu bwana tangu saa tatu ananiambia jambo lile lile moja, nami silipendi. Oda ya dawa lazima iingie Bujumbura kabla ya saa sita mchana. Saa sita ikigonga, wanafunga, na gari la keshokutwa litapita hapa bila kusimama. Wagonjwa thelathini na wanane, Keren. Vidonge vyao vinaisha Ijumaa."

Keren hakuhitaji kuuliza vidonge gani. Vile vya kila siku, vya maisha yote, ambavyo ukiruka wiki moja virusi vinaamka kwenye damu. Na alijua kwa nini watu wanatoka mbali, wengine wanavuka ziwa kutoka upande wa Kongo, kuja kuvichukulia hapa. Kwa sababu hapa hakuna anayewajua. Oda yenyewe si namba tu ya makopo. Ni majina. Jina, kijiji, kipimo, moja moja.

Akabonyeza *Envoyer*, kutuma. Ile aplikasio ya kuagizia ikazunguka, ikazunguka, halafu ikatapika kisanduku chekundu: *Connexion sécurisée impossible*, muunganisho salama hauwezekani. Chini yake kibonyezo kimoja: *OK*.

OK ya nini sasa? Nani yuko OK hapa? Keren aliwachukia watu wote waliowahi kuandika kisanduku cha namna ile. Kinakwambia umekufa, hakikwambii ugonjwa.

"Ma sœur, zima tu," Aristide akasema. "Ndani mule iko faili moja ya reglages, ya mipangilio, iko mstari mmoja wa kukagua. Unaandika *non*. Dakika mbili, itapita."

Njo dawa yake huyo, siku zote. Simu inapiga kelele? Zima. Antivirus inasumbua? Zima. Angekuwa daktari wa kweli, moyo ukienda vibaya angeuzima.

"Toka kwenye kiti," Keren akasema.

Kiti chenyewe kilikuwa kimepata moto wa makalio yake. Keren akasikia kichefuchefu, akakaa pembeni pembeni.

Akaangalia kona ya ekran. 4:20. Saa nne na dakika ishirini. Bado iko nafasi.

Akafungua internet kwenye mashini ileile. Ikafungua. Habari, mpira, matangazo ya viatu, vyote vinakuja. "Unaona?" Aristide akasema, "koneksio iko bien, ni aplikasio njo mbovu." Keren akaunganisha kwa simu yake mwenyewe, labda ni laini ya dispanseri. Kisanduku chekundu. *OK*. Akazima mashini, akawasha. *OK*. Akaisikia feni ndani inakoroma, na harufu ikatoka kwenye matundu yake, harufu ya samaki iliyopashwa moto. Akaziba pua kwa kola ya shati.

"Mzee," akamwambia Papa Melkiades, "hii aplikasio ilikuja imefungwa yote kwenye furushi moja, si ndiyo? Uliibonyeza mara moja, ikajipanga?"

"Hivyo hivyo. Kwenye flash, kutoka Bujumbura."

"Basi inabeba vitu vyake yenyewe. Haiangalii vya mashini. Ukiipigia Bujumbura, kwanza inaomba karangamuntu, kitambulisho: wewe kweli ni Bujumbura? Ile karangamuntu inailinganisha na orodha ya wakubwa inaowaamini, na orodha hiyo iko ndani ya furushi. Labda imezeeka."

Papa Melkiades akatikisa kichwa polepole. Karangamuntu alizijua. Aliporudi nchini alipanga mstari miezi kupata yake.

Keren akaingia kwenye folda ya aplikasio. Humo kulikuwa kama chini ya kitanda cha bachela: mafaili ya zamani, nusu faili, nakala ya nakala. Akatafuta ile orodha akaipata. Ya miezi miwili tu. Nzima kabisa.

5:15.

"Mutoto ya Uvira," Aristide akasema, anakunja karatasi yake ya ndagala na kuiacha hapohapo juu ya meza, "unatafuta mbu kwenye shimo la choo. Mimi kule Magara, dispanseri ya pale juu ya mwaloni, nilikuta kitu hikihiki. Mwezi wa pili. Nikazima, ikapita, ba dawa bakakuja. Kila mutu content."

Papa Melkiades akavaa miwani, akaivua tena.

"Keren," akasema taratibu, na sasa sauti ya redio ilikuwa imepotea. "Kama inapita... Watu thelathini na wanane. Siwezi kumwambia mtu mzima Ijumaa kwamba mashini imekataa."

Na kweli, mzee angesema nini? Keren akaangalia mikono yake mwenyewe. Ilikuwa inanuka. Akafikiria Ijumaa, lile benchi la nje limejaa, wale waliolipa mtumbwi kuja. Akawaza: mstari mmoja, ule wa kuomba karangamuntu. *Non*. Halafu baadaye narudisha.

Karibu aseme ndiyo.

Aristide akaona amelegea, akafurahi, na furaha ikamfungua ulimi.

"Na musiogope ati majina! Mimi nilijaribu kule Magara. Nilibapa internet ya simu yangu, nikajifanya mimi njo Bujumbura. Weee! Mashini ikaniamini, ikanimwagia orodha yote! Nilicheka mpaka nikalia." Akainama karibu, pumzi yake imejaa mafuta. "Munamujua Jovita? Ule wa ndagala, mwenye kitenge ya njano? Naye yumo. Kabisa! Hizi nilizokula si zake, mimi tangu siku ile sigusi chake."

Nje mutu alikuwa anabishana na muuza samaki wa mukeke, sauti zinasikika wazi.

Jovita. Keren alinunua kwake kila siku ya soko. Jovita aliyemuongezea konzi moja kila mara na kumwambia, "Hii ya mama yako." Anatoka Magara na kufika Rumonge na beseni, na hajui kwamba jina lake limelala kwenye simu ya huyu, pamoja na picha za mpira na nyimbo.

Keren akasimama.

"Bado unazo?"

"Nini?"

"Orodha. Kwenye simu yako."

"Eeh, labda iko tu..."

"Toa simu," akasema Papa Melkiades.

Hakupaza sauti. Alikuja tu akasimama mbele ya mlango, na mzee aliyeonekana mwembamba muda wote akaujaza mlango wote. Aristide akacheka, akaacha kucheka, akasema ni mzaha, akasema hawa ba vieux hawajui mzaha. Mwisho akatoa simu. Keren akaishika kwa kipande cha pamba, maana ilikuwa imelowa mafuta, akatafuta, akaikuta, akafuta. Akaingia kwenye zilizofutwa, akafuta tena. Majina hakuyasoma. Aligeuza macho pembeni kama mutu anayepita mlango wa bafu ulioachwa wazi.

"Nenda," akamwambia. "Na karatasi yako ya ndagala beba."

Aristide akaenda, anatukana njiani kwa Kirundi na Kifaransa.

5:38.

"Sasa hatuna mwingine," Papa Melkiades akasema. "Ni wewe."

"Mzee, hii imeanza lini?"

"Leo asubuhi. Lakini si mara ya kwanza. Mwezi wa pili nayo ilifanya hivi, nikaiacha, nikaenda kula. Niliporudi ikapita yenyewe."

"Yenyewe?"

"Baada ya saa saba mchana. Ikapona kama mtoto mwenye homa."

Keren akarudi kwenye ile folda chafu. Kisanduku chekundu ni mwongo, lakini aplikasio nyingi zinaandika ukweli mahali pa kujificha. Akapekua mpaka akakuta faili ndogo, mistari imesongamana, imejirudia kwa kila mara waliyobonyeza. Akasoma kwa kidole.

Karangamuntu haikuwa ya uongo. Haikuwa imeisha. Iliandikwa kwa Kifaransa: *pas encore valide*. Bado haijaanza kutumika. Inaanza leo, 7:00.

"Bujumbura wamepata karangamuntu mpya leo asubuhi," akasema. "Zile za habari na mpira ni za zamani, njo maana zinafunguka. Hii mpya, mashini inasema bado haijaanza. Inaanza saa moja ya asubuhi, na sasa hivi ni..."

Akaangalia kona. 5:41.

Saa tano na dakika arobaini na moja. Sawa kabisa. Ndivyo kila mutu wa Rumonge angesema ukimuuliza njiani. Sawa kabisa, kwa mdomo.

Lakini mashini haina mdomo.

"Papa Melkiades," akasema polepole. "Nani alipanga saa ya hii mashini?"

Mzee akajinyoosha, kidogo kwa fahari. "Mimi mwenyewe, siku ilipofika. Ilikuwa ya Kifaransa. Saa tano inakuandikia kumi na moja! Nikairekebisha, ikarudi. Nikairekebisha, ikarudi. Nikatafuta mahali inapojirekebisha, nikapafunga."

Keren akashika kichwa kwa mikono yote miwili, mawese na yote.

"Mzee. Hii mashini inajua kwamba ni usiku, kwake 5:41 ni saa kumi na moja ya alfajiri. Inajua Bujumbura wamelala. Imeletewa karangamuntu ya saa moja asubuhi wakati kwake bado hakujakucha, inasema huyu mwizi. Saa saba mchana, kona ikiandika 7:00, ingekubali. Ingekubali tumeshafungiwa!"

Na yeye, fundi mzima, alikuwa ameiangalia ile kona asubuhi yote, akasoma, akaridhika. Alijichukia hapohapo, kidogo, pembeni ya chuki nyingine.

Akafungua mahali pa saa. Akawasha kile ambacho mzee alikifunga. Namba ikaruka: 11:46. Akabonyeza *Envoyer* kwa ukucha, si kwa kidole.

Ikazunguka. Ikazunguka.

*Commande reçue*. Oda imepokelewa. Kijani.

Papa Melkiades akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akafunika uso. "Murakoze," akashukuru ndani ya viganja. "Murakoze cane. Na mimi ndiye niliyekuwa ninawaua."

"Hapana, mzee. Wewe ulitaka kusoma saa tu." Akachukua kipande cha plasta, akaandika kwa bic *−6*, akakibandika chini ya kona ya ekran. "Hesabu kwa kichwa. Usiiguse tena."

Akaenda bombani. Akanawa kwa sabuni mara moja, mbili, tatu, mpaka viwiko, na bado alisikia ile harufu, na alijua safari hii haitoki kwenye samaki.

Akarudi mikono inadondosha maji.

"Mzee, nipe namba ya dispanseri ya Magara."

Aliyepokea ni infirmière anaitwa Joanita, sauti nzuri, nyuma yake watoto wanalia.

"Dada, amahoro. Mimi ni Keren, fundi wa Rumonge. Ile mashini yenu ya dawa, izime. Sasa hivi. Usitume kitu mpaka nifike, napanda pikipiki."

"Kuizima?" Joanita akashangaa. "Lakini dada, tangu Docteur Machine aitengeneze, haijawahi kutusumbua. Inapita vizuri kabisa."

"Najua," Keren akasema. "Haikagui tena, inampa majina kila anayejiita Bujumbura. Njo hicho kinanitapisha. Izime, dada."