Arobaini ya Baba

Baraza la mji lilimpa Ghazanfar leseni ya teksi ya mwaka mmoja. Madereva wenzake hupewa ya miaka mitatu. Hakugonga mtu, hakutukana abiria. Kosa lake ni kukaa Mirpur, kwao ng'ambo, kupita miezi mitatu. Alikwenda kumzika baba, akangoja arobaini, kisha mama akaanguka, akabaki kumuuguza.

"Ukikaa nje muda huo, unaleta cheti cha polisi wa huko," alisema Bwana Holroyd, ofisa wa leseni, nyuma ya kioo.

"Nimeshaomba, bosi. Wanachelewa."

"Basi mwaka mmoja. Tutaangalia mwakani."

"Sheria inasema mitatu."

"Inasema pia tunaweza kupunguza tukiona inafaa. Mimi nimeona inafaa."

Ghazanfar alitoka na mvua ikimpiga, akaenda moja kwa moja kwa muuza magari. Baraza hilohilo lilikuwa limepiga marufuku teksi kuukuu kuanzia Ijumaa, na yake ilikuwa kuukuu. Kijana wa dukani alibonyeza kompyuta, akakuna kichwa.

"Ami, mkopo ni wa miaka mitatu, leseni yako ya mmoja. Inakataa."

"Hiyo kompyuta imewahi kufiwa?"

"Ami, usinichekeshe. Mimi sina la kufanya."

Kwenye foleni ya teksi, mbele ya stesheni ya treni, Tanveer, dereva mwenzake, alimmiminia chai ya chupa.

"Mjinga wewe. Arobaini ya nini? Mimi nilimzika mama Jumanne, Ijumaa nimeshapakia walevi hapahapa."

"Ukajisikiaje?"

Tanveer alifunga chupa, akaikaza sana.

"Nina leseni ya miaka mitatu."

"Sikukuuliza hilo."

Foleni ilisogea, Tanveer akasogeza gari.

Ijumaa Ghazanfar alifungua kibao cha teksi cha baraza nyuma ya gari lake kwa bisibisi, akakirudisha ofisini. Holroyd alikipokea, akamtakia mapumziko mema ya wikiendi.

Jumatatu cheti kutoka Mirpur kikafika. Kilisema hana kosa lolote. Akakipeleka mbio.

"Vizuri," alisema Holroyd. "Kitunze. Utakileta mwakani."

Arobaini ya baba ilimgharimu gari, kibao, nafasi yake kwenye foleni, na usingizi: siku hizi huendesha gari la Tanveer usiku, Tanveer akilala, na nusu ya anachopata si yake. Mama hajaweza kusimama bado. Kwenda kumwona hathubutu.

Leseni anayo mfukoni. Imebakiza miezi kumi na moja.