Vitabu Vilivyofichwa Sauna

Gari la Bi Bouchard liliposimama mbele ya nyumba, viatu vya Aila vilikuwa bado vina theluji. Alikuwa ametoka uani kuficha vitabu vya mwanawe, Eero, chini ya benchi la sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke. Vitabu kumi na kimoja, vyote vya wasichana: mmoja mchimba madini, mwingine nahodha, mwingine anaendesha mbwa sita wa sleji, gari la kuteleza thelujini, kupeleka barua.

Darrell, mtalaka wake, alikuwa ameiandikia mahakama kwamba Aila anamjaza mtoto hadithi za kike ili amdharau baba yake. Jaji akamtuma Bi Bouchard aje aangalie. Atakachoandika ndicho kitakachoamua Eero, mwenye miaka sita, aishi kwa nani.

"Viondoe," dada yake alimwambia kwenye simu. "Usimpe Darrell fimbo ya kukuchapia." Kwa hiyo Aila akaazima vya Tyler, mtoto wa jirani, vya magari na madinosau, akavipanga kwenye rafu mtoto akiwa anapiga mswaki.

Bi Bouchard alikunywa kahawa, akauliza Eero analala saa ngapi, anakula nini. Kalamu yake haikupumzika. Kisha akamgeukia mtoto. "Haya, bwana mkubwa. Niletee kitabu unachokipenda kuliko vyote."

Eero alikimbilia chumbani.

"Mama! Tumeibiwa!"

Alirudi ameshika kitabu kwa ncha za vidole. "Wameweka vya Tyler! Hiki kina makamasi yake!"

Aila angeweza kusema amevirudisha maktaba. Lakini Eero alikuwa anamtazama, naye Bi Bouchard ameinua kalamu, anangoja.

"Hakuna mwizi," Aila alisema. "Nimevificha mimi. Viko sauna."

"Sauna! Vikilowa je?"

"Twende tukavione," Bi Bouchard akasema, akavaa koti.

Sauna ilikuwa ya baridi kama kaburi. Eero alipiga magoti, akaburuta mfuko, akavihesabu vyote. Bi Bouchard aliketi benchini, akafungua kimoja, kisha kingine, bila haraka.

"Unavichaguaje?"

"Nakisoma chote kwanza, nimesimama pale pale maktaba," Aila alisema. "Kama mvulana amewekwa awe mjinga tu ili msichana aonekane hodari, nakiacha. Eero alipokuwa na miaka minne aliniambia nisipasue kuni, eti mama hawezi. Na kuni zenyewe nilikuwa nimeshazipasua. Ndipo nikaanza."

"Na leo ukavificha."

"Niliogopa."

Kalamu iliandika. Aila hakuthubutu kuchungulia.

"Hiki hapa!" Eero alimwekea mgeni mapajani kitabu cha msichana wa sleji. "Mbwa wa sita ni mzembe. Baba anasema angekuwa kazini kwake wangeshamfukuza."

Kalamu ikasimama. "Baba alikiona wapi?"

"Si nakwenda nacho kwake! Ananisomea kila Jumamosi. Ila sauti ya huyu msichana anaitoa kama ya bibi kizee, namrekebisha, hasikii. Wiki ile nilikisahau huku, akanuna."

Aila aliketi sakafuni kwenye mbao. Mwaka mzima alikuwa akikipakia kitabu kile kwenye begi la Eero akiamini kinarudi bila kufunguliwa. Darrell alikuwa anakijua mpaka tabia za mbwa.

"Lazima niandike kwamba ulivificha," Bi Bouchard alisema.

"Andika."

"Na nitaandika kwamba baba yake anakisoma. Jumatatu nitamuuliza mwenyewe kuhusu huyo mbwa."

"Atakwambia mbwa hafai," Eero alisema. "Usimwamini. Fungua ukurasa wa kwanza."

Bi Bouchard alitazama saa yake, akafunga daftari, akafungua ukurasa wa kwanza.