Jina Linalopotelea Ukurasa wa Pili

"Huyu naye hana jina," alisema Mzee Manish, akimwekea Reine karatasi mezani. Ilikuwa oda ya nne wiki ile: tiketi ya Nairobi, tarehe, namba ya simu, na penye jina la msafiri, patupu.

Reine alitoka Bukavu miaka mitano nyuma. Asubuhi alifanya usafi Stratford, mashariki mwa London, jioni alisoma kompyuta chuoni, na tangu Machi ya mwaka huo, 2002, mchana wake ulikuwa wa tovuti ya Manish, mzaliwa wa Mombasa mwenye ofisi ya safari karibu na stesheni ya Rayners Lane.

"Papa, kwangu inafanya kazi," alisema Reine; kwao Bukavu kila mzee huitwa hivyo.

Aliandika jina ukurasa wa kwanza, akaruka hadi wa tatu. Zote mbili alizitengeneza mwenyewe. Jina lilikuwepo. Manish akavuta kiti, akaandika la kwake, akapitia ukurasa wa pili kuchagua tarehe, kama mteja yeyote. Jina likatoweka. Reine akarudia, likatoweka tena. Akauruka ule wa pili, likaonekana. 

Ukurasa wa pili uliandikwa na Bhavini, binti wa Manish, kabla hajaolewa Leicester. Wakampigia.

"Nilitumia amri ya session_register," alisema Bhavini. "You just tell it the name, unaitajia jina tu, seva inahifadhi yenyewe."

"Mimi naweka kwa mkono, ndani ya $_SESSION, kisanduku cha kumbukumbu za mteja. Mwalimu alisema ndiyo njia mpya."

"Na kwangu hukugusa?"

"Kwako kulikuwa sawa, dada."

Labda, alisema Bhavini, ukurasa wake unaandikisha upya jina lilelile wakati wenyewe hauna jina lolote, ndipo utupu unafunika alichoweka Reine.

"Basi mbona wiki iliyopita ilikuwa sawa?" aliuliza Reine.

"Labda wenye seva wamebadilisha toleo la programu. I don't know."

Manish akaanza kuwapigia wateja kuwauliza majina. Reine akafuta mistari yote ya zamani ya ukurasa wa pili, kumi na mmoja, akaiandika upya kwa njia yake. Akajaribu mara sita. Jina lilibaki.

"Ilikuwa nini?" aliuliza Manish.

"Sijaelewa vizuri, Papa."

Kwenye treni Reine alikuwa na ule ukurasa wa zamani mapajani, umechapwa. Aliusoma mstari kwa mstari hadi kituo chake, Barking, na kila mstari, peke yake, aliuona sawa.