Jina la Bado Kidogo

Kama kulikuwa na neno ambalo Rehmatbai alilichukia katika mji mzima wa Tanga, lilikuwa "bado kidogo". Na chanzo alikuwa yeye mwenyewe. Enzi za foleni, sukari ikipatikana kwa mgao na kwa kujuana, watu walisukumana mlangoni pake Ngamiani wakiulizia halua, naye, mjane mwenye mwiko mkononi na sufuria tupu, akiwajibu wote vile vile: "Bado kidogo." Asubuhi bado kidogo. Jioni bado kidogo. Iddi mosi, watu wameshavaa, bado kidogo. Sasa watu wa Tanga kwa kubandika majina hawajambo. Kibao kilisema Jafferji Halua, jina la marehemu mumewe, lakini ukiuliza kwa Jafferji ni wapi hata jirani anakukodolea macho. Ukisema kwa Bado Kidogo, unashikwa mkono mpaka mlangoni.

Sukari ilirudi, maduka yakajaa, jina likabaki. Rehmatbai akalifuta neno lile kinywani mwake kabisa. Mteja akiuliza kama halua tayari, anajibiwa "subiri" au "kaa hapo", na anayethubutu kumwita Bado Kidogo mbele yake anakimbizwa na mwiko hadi kona.

Ukafika mwaka elfu mbili na moja, na binti yake Nazia akataka kuliweka duka kwenye intaneti. Walikuwa na wateja Mombasa, Unguja mpaka Maskati, wote wakiagiza kwa simu za kukatika katika. Nazia akaenda kwenye kompyuta za kulipia karibu na posta, akachapa anwani ambayo hakuna mteja angeisahau, badokidogo, akarudi nyumbani amenuna.

"Ma, limeshachukuliwa."

"Nini kimechukuliwa?"

"Jina lako."

Aliyelichukua ni Zubeiri, mfanyabiashara aliyehamia juzi juzi tu kutoka Dar es Salaam na kufungua kiwanda cha halua kule Mabawa. Jina kalisajili serikalini, kalisajili kwenye intaneti, kalipaka ukutani kwa rangi nyekundu. Na kana kwamba hayo hayatoshi, akamwambia wakili wake awaandikie kina Nazia barua ya kuwaonya wasithubutu kulitumia. Loo, mtu ana uso mkavu huyo.

"Mwachie," Rehmatbai akasema huku akikoroga. "Jina lenyewe la kunicheka. Nimepumzika."

Alipumzika mpaka alipokuja Mwanamkasi kutoka Mwera. Huyu alikuwa mteja wake tangu ujana, shoga yake wa kufa na kuzikana, na siku hiyo hakutoa hata salamu. Alibwaga boksi mezani. Ndani mlikuwa na halua iliyokauka, inanuka mafuta mabovu.

"Rehmat, umeniadhiri. Harusi ya mwanangu, wakwe wamekaa, sahani inapita, watu wanatema. Na mimi nilimtuma mtu kwa Bado Kidogo, nikasema hapo sina wasiwasi."

Juu ya boksi paliandikwa Bado Kidogo, na chini yake: Halua ile ile ya enzi za foleni. Rehmatbai akasoma, hasira ikampanda. Enzi za foleni Zubeiri alikuwa wapi? Matusi ya mlangoni aliyameza nani? Jina la kejeli alikuwa tayari kuliachia, lakini kumbe ndani yake mlikuwa na heshima yake yote.

Wakamwendea Yudith, wakili wa Kibondei kutoka Muheza, mwanamke wa sauti ndogo na maneno machache.

"Kusajili peke yake hakumpi ruhusa," Yudith akawaambia. "Kama watu wanakujua wewe kwa jina hilo, naye analitumia mpaka wateja wanachanganyikiwa, sheria iko upande wako. Kazi ni kuonyesha kwamba jina ni lako. Na wewe mama, mji mzima unajua unavyolikana."

Siku ya kesi Ngamiani nzima ilihamia mahakamani. Wakili wa Zubeiri, bwana mmoja wa suti aitwaye Badru, alianza kwa upole wote.

"Mama, ni kweli ukiitwa Bado Kidogo unafukuza watu na mwiko?"

"Kweli."

Nyuma huko wakacheka, maana wengine walikuwa wameuonja.

"Umewahi kuliandika popote dukani?"

"Sijawahi."

"Wala hukulichagua."

"Sikulichagua."

"Basi jina hilo si lako."

Nazia akainamisha kichwa. Rehmatbai akauweka mtandio wake sawa.

"Baba, wewe unaitwa nani?"

"Badru."

"Ulijichagulia?"

"Nilipewa na wazazi wangu."

"Mimi nimepewa na Tanga. Nilikuwa sina sukari, wakanicheka, na kesho yake wakarudi. Nimelikataa miaka yote, wao hawajanivua. Huyu bwana hajapanga foleni hata moja, leo anaiuza foleni yangu kwenye boksi lake."

Hakimu akamgeukia Zubeiri. "Jina hili ulilipata wapi?"

"Nililisikia tu mjini, mheshimiwa."

"Likimtaja nani?"

Zubeiri akamtazama wakili wake, wakili akatazama makaratasi. "Huyu mama," akasema kwa sauti ya chini, na hapo akawa amekwisha.

Hukumu iliposomwa, Zubeiri aliamriwa afute ukuta, aondoe maboksi yote madukani, alipe gharama za kesi, na anwani ya intaneti aikabidhi kwa mwenyewe. Vigelegele vilianza kabla hakimu hajanyanyuka. Walimsindikiza Rehmatbai mpaka Ngamiani wakiimba Bado Kidogo, Bado Kidogo, naye akitembea katikati yao kichwa juu, machozi yanamtoka na hayafuti.

Jioni ile mlangoni pake pakajipanga foleni ambayo haikuonekana tangu ule mgao. Sufuria ilikuwa jikoni inatokota. Mbele kabisa alisimama Mwanamkasi, mikono kiunoni.

"Haya shoga, halua tayari?"

Rehmatbai akachungulia sufuria, akagonga mwiko ukingoni. Foleni nzima ikatega sikio.

"Bado kidogo," akasema.