Konzi ya Pili

Mwalimu Biakchhungi alizikwa siku ya Alhamisi, na hadi Jumamosi asubuhi binti yake, Rinmawii, hakuwa amepata neno la kusema juu yake. Kesho yake, baada ya ibada, angesimama mbele ya kanisa na kusimulia maisha ya marehemu, kama ilivyo desturi katika milima yote ya Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India. Ya kutaja yalikuwa tele: darasa alilolishika katika shule ya kanisa hadi nywele zikageuka mvi, wagonjwa aliowalisha kwa mkono wake, mimbari aliyoifuta vumbi kila Ijumaa. Rinmawii angeweza kuyataja yote bila kukosea. Lakini angeyataja kama msoma matangazo, kwa sababu moyoni alikuwa na kinyongo, naye hakutaka kumsifu mama yake kwa uongo mahali patakatifu.

Kinyongo hicho kilianzia jikoni. Kila mwanamke wa kijiji kile, kabla ya kuinjika chungu, huchota konzi moja katika mchele aliokwisha kuupima na kuitia katika kopo la kanisa. Siku ya Jumamosi kina mama hupita na gunia kuikusanya. Mwaka ule mianzi ilipochanua, panya wakazaana kwa kula mbegu zake na kuyamaliza mashamba, Rinmawii alikuwa mtoto. Alilala hajashiba, huku akilitazama kopo likijaa. Tangu hapo aliamini kwamba mama yake alilipenda kwanza kanisa, kisha wanafunzi, na watoto wake wakaambulia kilichosalia. Alipopata kazi ya uuguzi Delhi aliondoka kwa furaha, na simu alizopiga nyumbani zilikuwa fupi.

Majirani waliohudumu msibani walikuwa wamevihamisha vyombo. Asubuhi hiyo, mara ya kwanza kupika mwenyewe tangu mazishi, Rinmawii alikuta kopo la maziwa ya unga juu ya gunia la mchele, limejaa pomoni. Kopo la kanisa alilolikumbuka yeye lilikuwa jekundu. Akaumimina mchele wote, akauosha, akaupika, na wageni wakala wakashiba.

Vyombo havijakauka, Bi Darthuami, mmoja wa kina mama wakusanyaji, akaingia na gunia lake.

"Hodi humu! Mwalimu katangulia, lakini kopo lake halijaenda naye, au vipi?"

Alilinyanyua lile kopo la maziwa, akalitikisa, akachungulia ndani.

"Makubwa! Mimi kopo hili hulibeba kwa mikono miwili. Leo jepesi kama kichwa cha mume wangu."

Rinmawii aliyatupa macho kwenye vyombo vilivyooshwa. "Nimeupika, mama. Wote. Sikujua kama ndilo."

"Ukampa nani?"

"Baba, majirani, na Mzee Zahluna wa kanisa."

"Zahluna kala sadaka?"

"Akaongeza mara mbili."

Bi Darthuami alicheka hadi akaketi juu ya gunia. "Kesho namtazama tu wakati wa kutoa! Usilie, we mtoto. Chota mchele wenu ulijaze. Ila kwa mkono, kikombe hatukitaki."

Rinmawii akaanza kuchota. Bi Darthuami akasema, "Mama yako alikuwa anachota mbili kila mlo."

"Si desturi ni moja?"

"Moja ya nyumba. Ya pili yako."

"Yangu? Mimi sikuwapo."

"Ndiyo sababu. Aliniambia, 'Rini anakula chakula cha hosteli, meko hana. Lakini ni mtu wa nyumba hii.' Nikamtania, 'Mwalimu, unampimia mchele mtu asiyekuwapo?' Akanitolea macho kama nimeshindwa kujumlisha."

Mkono wa Rinmawii ulisimama ndani ya gunia. Alimgeukia baba yake, Mzee Thangkima, aliyekuwa ameketi dirishani na chai iliyopoa.

"Ni kweli, baba?"

"Kweli. Tangu ulipoondoka."

"Na ule mwaka wa panya?"

"Ule mwaka nilimwomba aache. Tuligombana. Hakuacha." Akakizungusha kikombe. "Simtetei kwa kila alilofanya, Rini. Mama yako alikuwa mgumu."

Rinmawii alilijaza kopo hadi juu, Bi Darthuami akalimimina katika gunia lake, akaenda nyumba ya pili.

Siku ya Jumapili Rinmawii alisimama mbele ya kanisa. Alitaja shule, wagonjwa na mimbari. Akasema pia kwamba mama yake alikuwa mgumu, na watu wazima waliopita mikononi mwake darasani wakacheka chinichini. Kisha akasema, "Alinipimia mchele kila siku, nami sikuwapo mezani." Akarudi kuketi.

Jioni alipima mchele wa watu wawili. Akachota konzi moja, akaitia katika kopo. Akachota ya pili.

"Hiyo ya nani?" baba yake akauliza. "Aliyekufa hapimiwi. Mchungaji akisikia atatukalia vikao."

"Ni yangu, baba. Jumanne narudi Delhi. Sogea uone inavyochotwa."

Mzee Thangkima aliutazama mkono wake mpana wa useremala. "Kwa mkono huu? Nitalimaliza gunia."

"Chota tu, baba."

Akasogea, akauingiza mkono.